Kabla Hujanunua Cherehani ya Mfarishi



Wasomaji wetu wapenzi, na hasa mama zangu na dada zangu ambao jarida hili huwafikia baada ya sala ya Ijumaa na kuzunguka nyumba kwa nyumba, leo naomba idhini ya kuzungumza jambo lisilozoeleka katika kalamu ya mwalimu wa chuo. Nataka kuzungumza juu ya cherehani.

Kusi iliyopita, usiku ule wa mwezi wa saba ambao upepo wa baharini hupenya hata katika nyumba iliyofungwa madirisha, binti yangu wa pili alinijia ukumbini baada ya Isha akiwa na kitu mkononi. Kilikuwa ni kipande cha mfarishi kama dhiraa moja kwa moja, uso wake umeungwa kwa mabaki ya leso, ndani ana blanketi kuukuu, na chini ametia marekani. Amekishona kwa mkono chote. Akaniambia, "Baba, mama mmoja wa Mambrui amekiona akakipenda. Anataka mfarishi mzima wa arobaini ya mjukuu wake. Nikipata cherehani nitaweza kushona na mingine."

Mimi ni mtu wa vitabu, lakini usiku ule nilijiona ni mtu wa mashine pia. Sikumuuliza anataka cherehani ya namna gani. Wiki ile ile nilikwenda mjini Malindi, nikaingia katika duka moja, nikaona cherehani nyeupe inayong'ara, nyepesi hata mtoto angeweza kuibeba, ina kitufe cha kuchagulia mishono zaidi ya ishirini, mingine ya maua na mingine ya majani. Nikalipa, nikapanda tuktuk nimeipakata kama mtu aliyebeba keki ya harusi.

Juma la kwanza ilishona nguo za watoto vizuri. Juma la pili binti yangu akaweka zile tabaka tatu za mfarishi chini ya sindano. Mguu wa cherehani haukuweza kupanda juu ya jongo nene. Tabaka ya juu ikawa inasukumwa mbele na ya chini inabaki nyuma, hata mraba ukawa si mraba tena. Sindano zikavunjika tatu. Siku ya nne mota ikatoa harufu ya kuungua. Yule mama wa Mambrui alikwisha kutoa nusu ya fedha, na arobaini haingojei fundi. Binti yangu akaumaliza mfarishi ule kwa mkono, akikesha siku tatu, na vidole vyake vikawa vimechomekachomeka kama vya msusi wa makuti. Alinihurumia, hakuniambia neno. Kunyamaza kwake ndiko kulikonipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mji wa kale kumuuliza kosa langu lilikuwa wapi, na mengi nitakayoyaandika hapa nimeyapata kwake na kwa binti yangu mwenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya mfarishi, kwani vijana wetu wengi wanalijua blanketi la dukani tu. Mfarishi ni tandiko au kifuniko cha tabaka tatu: uso, kijazo cha kati, na bitana ya chini. Mishono inayopita katika tabaka zote tatu ndiyo inayoufanya uwe mfarishi, kwani bila ya hiyo kijazo kitahama na kujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara mbili. Mabibi zetu walijaza kwa pamba au kwa sufi iliyotoka katika misufi yetu wenyewe. Sufi ni laini na nyepesi, lakini ni telezi na haipendi maji, kwa hiyo inafaa mto kuliko mfarishi wa mtoto utakaofuliwa kila siku ya pili. Anayeanza na atumie blanketi kuukuu, au ile pamba ya viwandani inayouzwa kwa mita kwa mafundi wa makochi.

Kwa uso, nani asiyekuwa na mabaki ya leso? Kila fundi wa magauni wa pwani hii ana gunia la vipande chini ya meza. Na marekani, kwa yule ambaye hakupata kujiuliza, ilipewa jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Unguja na majahazi ya wafanyabiashara wa Marekani kutoka bandari ya Salem, ikasambaa pwani nzima hadi bara.

Sasa mtu akizijua tabaka hizi ataona mara moja kwa nini cherehani yangu nyeupe ilishindwa. Cherehani ya mfarishi haitakiwi iwe na mishono ishirini. Inatakiwa mshono mmoja tu, ule wa moja kwa moja, lakini uwe na nguvu ya kupita katika unene, na uwe sawasawa juu na chini. Maua na majani yote niliyoyalipia hayakupata kutumika hata siku moja.

Yule fundi mzee aliniambia nisahau rangi niangalie chuma. Cherehani za zamani za kukanyaga kwa miguu, kama vile Singer ya namba 15 na zile Butterfly za Shanghai zilizofuata umbo lake, zina mwili wa chuma mtupu na mshono mmoja wa mbele, na baadhi hushona na kurudi nyuma. Uzito wake ndio uimara wake, kwa kuwa haitetemeki wala haitembei juu ya meza mfarishi mzito unapoivuta. Kiwanda kikubwa cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980, maana yake ni kuwa kila cherehani iliyotoka huko ina umri wa zaidi ya miaka 40, na bado ziko vibarazani Malindi, Kilifi na Takaungu zinashona sare za shule. Vipuri vya namba 15 na vya Butterfly vinapatikana kwa wepesi, na fundi wa kuzitengeneza haumkosi. Hili la vipuri na fundi lina uzito kuliko tunavyodhani. Cherehani nzuri ambayo ikiharibika lazima isafirishwe Nairobi, kwa mwanamke wa Gongoni au Ngomeni ni sawa na kutokuwa nayo.

Kisha kuna suala la stima. Cherehani ya miguu haiulizi kama stima ipo au imepotea. Kwa anayeshona baada ya kuwalaza watoto, au anayeishi ng'ambo ya daraja la Sabaki mahali ambapo nguzo hazijafika, hilo peke yake linamaliza mjadala. Anayetaka wepesi anaweza baadaye kufungiwa mota ndogo ubavuni mwa cherehani hiyo hiyo, na mkanda wa miguu ukabaki kwa siku za kiza. Kwa mwenye maumivu ya magoti au mama mjamzito aliyekaribia siku zake, mota ni rehema. Sikuja kuwatukuzia taabu.

Zipo pia zile cherehani kubwa za karakana zenye meza yake na mota yake, kama Juki za Kijapani, ambazo hushona mishono elfu kadhaa kwa dakika moja. Nguvu zao hazina mfano. Lakini zimefanywa kwa ajili ya mtu anayeshona mistari mirefu kutwa nzima, zinataka stima ya kutegemewa, na kwa mkono usiozoea hukimbia kama punda aliyeumwa na siafu. Kikundi cha kina mama kumi chenye chumba na oda kinaweza kuifikiria. Mtu mmoja sebuleni mwake, simshauri aanze nayo.

Basi tuseme umekwenda kuangalia cherehani ya mitumba kwa fundi au kwa jirani anayehama. Usiende mikono mitupu. Chukua kipande cha mfarishi wako mwenyewe: leso juu, blanketi kati, marekani chini, na mahali pawe na jongo lililokunjwa ili unene uzidi. Muuzaji atakupa kitambaa chepesi ujaribie, nawe mshukuru kisha utoe chako. Kabla ya kushona, ondoa uzi na uzungushe gurudumu kwa mkono polepole. Linatakiwa lizunguke bila kukwama na bila sauti ya chuma kukwaruza chuma. Inua mguu uone kama unapanda juu kiasi cha kuruhusu tabaka zako kuingia bila kulazimishwa. Pitisha kidole juu ya meno yale madogo yanayosukuma kitambaa. Yakiwa yamelika na kuwa laini kama meno ya mzee wa tambuu, hayataweza kuuvuta mfarishi. Toa kikasha cha bobini ukiangalie kwenye mwanga, kwani mikwaruzo ndani yake ndiyo inayokata uzi.

Halafu shona urefu wa dhiraa moja, ugeuze chini utazame. Wengi hutazama juu tu. Mshono wa chini ukiwa na vitanzi vilivyolegea, huenda ni kukaza uzi tu na fundi atalirekebisha kwa dakika moja, lakini mwambie alirekebishe mbele ya macho yako. Mishono ikirukwa, badilisha sindano kwanza kabla ya kuilaumu cherehani. Kwa tabaka tatu tumia sindano namba 14 au 16, na ujue kuwa sindano za cherehani za nyumbani na za zile kubwa za karakana si aina moja, hazibadilishani. Tazama vilevile kama juu ya mwili wa cherehani kuna skrubu ya kulegeza mkandamizo wa mguu. Binti yangu ameona kuwa ukiilegeza kidogo, tabaka ya juu huacha kusukumwa. Na kama una uwezo, upo mguu maalumu wenye meno yake mwenyewe, unaotembea juu kwa mwendo ule ule wa meno ya chini, ukazivuta tabaka zote pamoja. Huo ndio uliotatua tatizo lake la miraba iliyopinda.

Jambo ambalo hata fundi hakulitaja, nami nimelijifunza kwa kumtazama binti yangu akihangaika, ni nafasi iliyoko baina ya sindano na nguzo ya cherehani upande wa kulia. Mfarishi wa kitanda unapofika katikati, nusu yake yote lazima ikunjwe kama mkeka na kupita katika nafasi hiyo. Nafasi ikiwa finyu, utashona mfarishi wa mtoto tu. Singer ya namba 201, ukibahatika kuipata, ina nafasi pana kuliko ya 15 na mwendo laini zaidi. Asiyeipata na aushone mfarishi vipande viwili au vitatu, kila kimoja na tabaka zake, kisha aviunganishe mwisho.

Anayetaka kushona mapambo ya mizunguko kama mawimbi anahitaji kuyashusha yale meno ili kitambaa kiende apendako yeye. Baadhi ya cherehani zina kitufe cha kuyashushia. Isiyo nacho, funika meno kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la sindano, kibandike kwa gundi ya karatasi, na uweke urefu wa mshono kwenye sifuri. Si ufundi wa vitabuni, lakini unafanya kazi.

Na chumvi ya hewa yetu msiisahau. Cherehani iliyowekwa karibu na dirisha la upande wa bahari hushika kutu kabla ya mwaka. Ifunikwe na kitambaa, na ipakwe mafuta yake, mafuta ya cherehani. Nimeona kwa macho yangu mtu akitia mafuta ya nazi kwa kuwa yapo jikoni. Yaliganda, na gurudumu likawa halizunguki hata kwa mikono miwili.

Nirudi kwa muuzaji. Sharia yetu haikumwacha mnunuzi peke yake. Mwenye kuuza kitu chenye aibu anayoijua analazimika kuibainisha, na Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, alimkemea mwenye nafaka kwa maneno makali ambayo kila mwanafunzi wa chuo anayajua. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua na iliyofichwa, ana haki ya kurudisha. Lakini haki hiyo hupotea mikononi mwa asiyejua kuidai, au anayeendelea kukitumia kitu baada ya kuijua aibu. Mimi nilipoirudisha ile nyeupe dukani, niliambiwa kuwa haikuwa na kasoro yoyote, ila mimi ndiye niliyeitwika mzigo usiokuwa wake. Nikafikiri njiani, nikaona wamesema kweli. Aibu haikuwa katika cherehani, ilikuwa katika mimi kutouliza.

Sasa nifike mahali palipoifanya makala hii iandikwe, kwa sababu kuchagua mashine ni nusu ya jambo na kuilipia ni nusu ya pili.

Kampuni ya Singer ilianzishwa Marekani na Isaac Singer, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1851, miaka mitano baada ya Elias Howe kupata yake. Lakini kilichoiingiza cherehani katika nyumba za watu wa kawaida duniani hakikuwa chuma pekee. Katika miaka ya 1850 kampuni hiyo ilianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, mteja akatoa kiasi cha kwanza, akaichukua cherehani nyumbani, akalipa kila mwezi. Hadi leo cherehani na deni ni marafiki wa zamani.

Mjane mmoja wa upande wetu, ambaye wanawe wawili wanasoma chuoni kwangu, alichukua mkopo wa cherehani kutoka kwa wakopeshaji. Hakuwa na mtu wa kumsomea karatasi. Riba ilihesabiwa kila wiki, na ilipopita wiki bila malipo, faini ikaongezwa juu ya riba. Alikwisha kulipa zaidi ya thamani ya cherehani yenyewe walipokuja Alhamisi moja asubuhi na bodaboda mbili, moja ya watu na moja ya kubebea. Walimkuta akishona sare. Waliichukua cherehani na kitambaa kikiwa bado kimebanwa chini ya mguu. Mwanawe mdogo alikuja chuoni siku ile akaniuliza kama ni haramu kumchukia mtu. Sikuwa na jibu la haraka.

Wapo wanaodhani kuwa dini imefunga njia zote, kwa hiyo masikini hana budi kwenda kwa wakopeshaji hao. Si hivyo. Kuuza kwa malipo ya muda, hata kama bei ni kubwa kuliko ya taslimu, kunajuzu kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, na ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Kishafi, kwa sharti kuwa bei moja imekatwa kabla hamjaachana. Tuseme muuzaji anakwambia: taslimu ni shilingi 18,000, na kwa miezi saba ni 21,000. Ukichagua ya miezi saba, mkakubaliana, bei yako ni 21,000, yaani 3,000 kila mwezi. Hiyo ni biashara. Ukichelewa mwezi mmoja akasema sasa ni 22,000, hapo imeingia riba, hata akiiita faini au gharama ya kitabu. Na mkiachana bila kukata ni ipi kati ya bei mbili, mmeacha mlango wazi wa ugomvi, na wanazuoni wamekataza.

Njia ya pili ni murabaha: taasisi au mtu mwenye fedha anainunua cherehani kwanza, inakuwa milki yake na dhamana yake, kisha anakuuzia wewe kwa faida anayokutajia. Benki za Kiislamu zimeingia Kenya tangu mwaka 2008, na mtindo huu zinautumia. Lakini uliza swali moja: je, wameinunua kweli, au wamekupa fedha mkononi na kuziita murabaha? Jina halibadilishi hukumu.

Njia ya tatu mnaijua kuliko mimi. Ni upatu wenu. Kina mama kumi wakitoa sawasawa kila mwezi, na kila mwezi mmoja akapokea, asitoe mtu zaidi ya alichopata wala kupata zaidi ya alichotoa, hiyo ni kukopeshana kwa wema. Baada ya mkasa wa yule mjane, kina mama wa mtaa wake walimpa yeye zamu ya kwanza ingawa ilikuwa ya mwingine. Aliyeiachilia zamu yake hakutaka ajulikane, nami simtaji. Cherehani aliyoinunua mjane ni ya mitumba, ya kukanyaga, imechubuka rangi yote ya dhahabu. Inashona.

Kwa vyovyote mtakavyolipa, liandikeni deni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili, nasi tunaona haya kumwambia jirani alete kalamu.

Lipo pia suala ambalo akina baba wenzangu huenda wasilifurahie. Cherehani hii ni ya nani? Niliponunua ile nyeupe, risiti iliandikwa jina langu. Nilidhani nimempa binti yangu, lakini sikupata kusema nimempa. Lau ningekufa siku ile, ingekuwa katika mirathi, wakaigawana ndugu zake wote, naye aliyeitaraji ni yeye. Ikiwa ni zawadi, basi itamkwe kuwa ni zawadi, na akabidhiwe. Ikiwa ni ya kuazimwa, iwe wazi pia. Na alichokinunua mke kwa fedha yake, au alichopewa katika mahari, ni mali yake, pamoja na kipato kinachotoka humo, na wajibu wa mume wa kulisha na kuvisha haupungui hata uzi mmoja kwa sababu mke ana cherehani. Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akidibagha ngozi na kushona, na alichokipata alikitoa sadaka kwa hiari yake. Hakuna aliyemshikia mfuko.

Nimezungumza sana juu ya chuma hata nikaogopa kuwa asiye na uwezo atajiona ameachwa nyuma. Ng'ambo ya bahari yetu hii, katika jimbo la Karnataka nchini India, wapo watu waitwao Masidi, ambao asili yao ni Afrika. Baadhi yao ni Waislamu, wengine ni Wahindu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi waiitayo kawandi kwa nguo kuukuu, na huishona kwa mkono. Huanza pembeni, wakaizunguka kwa mishono midogo ya mstari, mzunguko ndani ya mzunguko, hadi wakutane katikati. Katika kila pembe hutia vipande vya nguo vilivyokunjwa kwa pembe tatu, huviita maua, na mfarishi usio na maua hayo huuhesabu kuwa uko uchi. Nilipomsimulia binti yangu, hakustaajabu kuwa wana asili moja nasi. Alichouliza ni kama wanashikiza tabaka kwa bandi kwanza au wanakwenda moja kwa moja. Ameanza mmoja wa namna hiyo, wa mkono, kwa ajili ya bibi yake.

Ile nyeupe tuliitengeneza mota, tukamuuzia mama mmoja anayeshona vigauni vya watoto wachanga. Tulimwambia yote: kuwa mota iliungua ikatengenezwa, na kuwa haiwezi unene. Alitupunguzia bei kwa haki, nasi tukakubali. Hadi sasa anaisifu.

Ya pili hakuichagua baba. Nilikwenda kama mbebaji tu. Binti yangu alitoa kipande chake cha mfarishi kutoka katika mkoba, akazungusha gurudumu, akapitisha kidole juu ya meno, akashona, akageuza chini, akatikisa kichwa. Akafanya hivyo kwa cherehani tatu katika maduka mawili, hadi mwenye duka akaniuliza pembeni kama binti huyu ameolewa na fundi. Ya nne, Butterfly nyeusi ya miguu iliyokwisha kutumika, ndiyo aliyoikubali. Bei ilikatwa, nusu taslimu na nusu kwa miezi minne, ikaandikwa mbele ya mashahidi wawili, kwa jina lake. Tulipofika nyumbani aliniomba niondoe vitabu vyangu karibu na dirisha la ua, kwa kuwa mwanga wa hapo ni mzuri na upepo wa bahari haufiki. Vitabu sasa viko chumbani, juu ya sanduku, na kila nikitaka kimoja napita kando yake nikisikia kanyagio likienda.